Uji wa Nyumba ya Ruoth

Nilipokuwa mtoto, bibi yangu alikuwa amekipa kisogo kilima kizima, na hakuna mtu nyumbani aliyeona ajabu. Kwetu ni Nyatike, kwenye mwinuko ulio juu ya Sori. Ukisimama uani unaliona Ziwa upande wa machweo, na upande wa mawio unakiona kilima chenye kuta za mawe tulizoziita Ohinga, yaani ngome. Kila alasiri kivuli cha nyumba huangukia upande wa kilima, na watu wenye akili zao huhamishia viti huko. Dani, kama sisi Wajaluo tunavyomwita bibi, aliketi upande wa pili, jua la Ziwa likimchoma machoni, akichambua maharagwe huku amekunja uso. Ukimwambia, "Dani, hamia kivulini," alijibu kwamba jua halijawahi kumuua mtu wa nyumba yake.

Sikujiuliza ni nini basi kilichowahi kumuua mtu wa nyumba yake. Mtoto hawezi kujiuliza kila kitu.

Niseme mapema kwamba mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliipitisha katika wodi ya kina mama wanaojifungua, Homa Bay, na mikono hii imepokea watoto wengi mno kuhesabika. Nasema hivyo ili msomaji asidhani nasimulia haya kwa sababu sijui watoto wanatoka wapi. Najua vizuri. Ndiyo maana habari hii hainiachi nikatulia hata leo.

Ohinga ilikuwa nyumba ya Ruoth, mfalme wa upande ule, ingawa Wazungu walimpunguza cheo wakamwita chifu. Alipokufa wake zake walitawanyika, nyasi zikaota mpaka mlangoni, na watu wakapaogopa kama wanavyoogopa kila boma lililohamwa. Kisha Uhuru ukaja, na mwaka mmoja au miwili baadaye baraza la wilaya likaamua kwamba wananchi waone jinsi mfalme wao alivyoishi. Nyumba zikaezekwa upya, kuta zilizobomoka zikapangwa, kibao kikasimamishwa langoni, na kijana mmoja Mkuria aitwaye Marwa akapewa kaptula ya kaki na baiskeli, kazi yake kuwatembeza wageni. Watu walifurika. Walikuja walimu na wanafunzi, walikuja wafanyabiashara wa Migori na familia zao. Mwishowe kina mama wa kanisa la Sabato, ambamo mama yangu alikuwa muumini mkubwa, nao wakapanga safari yao siku ya Jumapili.

Mama alikuwa mzaliwa wa Uriri, mwepesi wa kucheka, mgumu wa kuambiwa. Wakati huo alikuwa mjamzito na tumbo lilikuwa limeshakuwa kubwa, kwa hiyo akaamua kunichukua mimi nimbebee mfuko. Asubuhi ile Dani alitujia mlangoni na kibuyu cha maji na nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, aliyoyafunga katika jani la mgomba.

"Nyar Uriri," akamwambia mama, kwa kuwa wake wa kwetu huitwa kwa mahali walikotoka, "kutazama tazama. Lakini usile kitu cha pale. Usinywe hata maji yao. Wakikupa kaa la moto la kuwashia, kataa."

"Mama, hayo si yamepita?"

"Yamepita wapi? Mume wangu alikufa pale. Wewe umebeba mjukuu wake."

Ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza. Babu yangu alikuwa amechukuliwa na askari wa Ruoth kubeba mawe ya kurekebisha ukuta. Siku moja aliketi kupumzika kabla hajaambiwa. Walimpiga, akaanguka pale pale ndani ya lango, akarudishwa nyumbani amebebwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Ruoth hakuleta mnyama wala neno. Na kwetu, damu ikishamwagika namna hiyo kati ya nyumba mbili, hamli tena chungu kimoja mpaka pande zote zikae chini na kula pamoja kwa dawa. Atakayekula kabla ya hapo hupatwa na chira, ugonjwa wa mtu aliyevunja mwiko. Huvimba, hudhoofika, hufa. "Na kama ana mimba," Dani alimalizia, "chira huanza na yule wa ndani."

Mama alisema tu, "Nimesikia, Mama," kwa sauti ya mtu aliyesikia na hana mpango wa kutii.

Njia ya kupanda Ohinga ni ya kokoto na haina mti wa maana. Kina mama waliimba mpaka koo zikakauka, na mama, ambaye hakuwahi kushika kitu bila kukigawa, alipitisha kibuyu chetu kwa kila aliyelalamika. Tulipofika langoni nilikitikisa, hakikuwa na tone. Nikaanza kuhangaika hapo hapo.

Lango la Ohinga ni fupi, limejengwa hivyo makusudi ili kila anayeingia ainame. Marwa alitungoja upande wa ndani, amejipanga.

"Karibuni, kina mama. Hii mawe yote unaona, hakuna simiti, hakuna udongo. Ni mawe juu ya mawe. Watu walibeba na kichwa."

"Watu gani?" mama akauliza.

Marwa hakuwa ametayarishwa kwa swali hilo. "Watu wa zamani," akasema, akatusogeza mbele. Alituonyesha nyumba kubwa ya Ruoth, kigoda chake, taji lake la manyoya ya mbuni na joho aliloletewa na Wazungu, limetoboka kwa nondo. Alituonyesha nyumba za wake, kila mmoja kwa nafasi yake. Kina mama walishangaa na kucheka na kubishana nani angefaa kuwa mke wa kwanza. Mimi sikuona kitu. Nilikuwa nikitazama ardhi ndani ya lango, nikitafuta mahali pa babu.

Mke wa mwisho wa Ruoth alikuwa bado yu hai. Baraza lilimrudisha akae katika nyumba yake, sijui kama mlinzi au kama sehemu ya maonyesho. Aliitwa Nyar Karungu. Alikuwa bibi mwembamba, mrefu, ameketi kando ya chungu cha uji wa wimbi, akawa anachota kwa kibuyu kilichokatwa na kuwapa wageni. Alipomwona mama aliwapita wote akamwendea. Alinitazama mimi kwanza, kwa muda mrefu kuliko mtu anavyomtazama mtoto asiyemjua. Kisha akanywa funda moja kutoka kile kibuyu, kama desturi inavyotaka ili mgeni ajue hakuna sumu, akampa mama kwa mikono miwili.

"Mwenye mimba hatoki katika nyumba hii na njaa," akasema.

Nilivuta gauni la mama. Nililivuta kwa nguvu mpaka mshono wa kiunoni ukalia. Mama aliutoa mkono wangu polepole, akanywa. Alikuwa na kiu, na kina mama wote walikuwa wakitazama. Akanywa mpaka chini, akafuta midomo, akashukuru.

Njiani tukirudi alinishika bega. "Nisingeweza kumkatalia mama mzee mbele ya watu, Akinyi. Na uji ni uji. Yesu alishalipa damu zote, hata ya babu yako. Usimwambie Dani. Atakufa kwa wasiwasi kabla mimi sijafa kwa uji." Akacheka. Mimi nilijaribu kucheka nikashindwa.

Hapo ndipo utulivu ulipoondoka maishani mwangu. Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka sawasawa jinsi mtoto anavyobeba siri ya kifo. Nilikwenda shule, nilichota maji, nilichunga mbuzi, na katika yote hayo nilikuwa nikisikiliza. Mama akikohoa nilisimama. Akichelewa kutoka chooni nilimfuata. Haikupita muda miguu yake ikaanza kuvimba. Viatu vikamkataa, akawa anavaa makubazi ya baba, akiyaburuta uani na kujicheka mwenyewe. Kwangu haukuwa mzaha. Mchana akijinyoosha kwenye mkeka na kusinzia, nilichutama miguuni pake nikabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo, nikahesabu mpaka shimo linapojaa tena. Miaka mingi baadaye mwalimu wangu wa uuguzi alitufundisha kufanya vile vile, na wanafunzi wenzangu wakashangaa kwa nini nilitokwa na machozi.

"Ni mimba hiyo, si kitu kingine," mama aliniambia siku aliyoamka akanikuta. "Ilikuwa hivi hivi ukiwa tumboni wewe."

Nilitaka kumwamini. Lakini nikitazama upande wa pili wa nyumba namwona Dani juani, amekipa kilima mgongo, na mgongo ule ulikuwa na nguvu kuliko maneno ya mama. Niliacha kumaliza chakula. Dani akaamua nina minyoo, akanichemshia majani machungu kuliko dhambi, akasimama juu yangu mpaka nikayamaliza. Nikiwa na kile kikombe mkononi, mara mbili au tatu nilifungua kinywa nimwambie. Nikakumbuka kicheko cha mama na kufunga.

Uchungu ulimshika mama wakati wa mvua za masika, alasiri moja, na asubuhi iliyofuata ulikuwa haujazaa kitu. Mto Kuja ulikuwa umekula barabara, hakuna lori lililovuka. Baba, aliyekuwa mchuuzi wa samaki na kuwajua wenye mitumbwi wote, alishuka mbio Sori kutafuta mtumbwi wenye injini wa kumpeleka mama Homa Bay kwa njia ya Ziwa. Nyumbani tulibaki na Min Ouma, jirani yetu aliyekuwa mkunga, na Dani, na mimi ambaye kila mtu alinifukuza mlangoni. Mama hakuwa akilia. Alikuwa akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti iliyokatika katikati ya maneno, na hilo liliniumiza kuliko kilio.

Min Ouma alitoka nje akijipangusa mikono. Alimwambia Dani kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu siku hizo yalisikia kila kitu, "Mtoto amekingama. Hajashuka kichwa wala miguu. Nimemkanda mpaka nimechoka. Kama mtumbwi hautakuja leo, sijui."

Nilimwendea Dani nikamshika shuka.

"Mama alikunywa uji wa Ohinga," nikasema.

Nilitegemea anipige, au apige yowe. Aliuliza jambo moja tu. "Alimaliza?"

"Alimaliza."

Dani akaingia ndani, akasikika akimwambia mama neno ambalo sikulipata, akatoka na fimbo yake. "Twende," akaniambia. "Utanionyesha aliyempa."

Nilimfuata nikiwa na hofu mbili, kwamba tukienda mama angekufa tukiwa hatupo, na kwamba tusipoenda angekufa mbele yetu. Dani alikuwa mzee, lakini siku ile nilikimbia ili kwenda naye sawa. Mara moja tu alisimama, akakitazama kilima mbele yake kama mtu anayemtazama mdeni aliyezeeka, akaendelea.

Marwa alitupokea langoni. "Karibu, nyanya. Leo iko wageni wengine pia, mwalimu na watoto yake. Nangoja ijae kidogo halafu natembeza nyinyi pamoja."

Dani hakukijua sana Kiswahili, na alichokijua alikitumia kama kuni. "Mimi hapana mgeni," akasema. "Mimi nataka Nyar Karungu."

"Basi inama tu, upite."

Hilo ndilo lililomsimamisha. Kuinama. Alikuwa ameapa tangu ujana wake kwamba hatainamia nyumba ile, na sasa mlango wenyewe ulikuwa umejengwa umwinamishe. Alisimama pale mpaka Marwa akaanza kunitazama mimi kwa maswali. Ndani yangu nilikuwa nikipiga kelele, Dani, ingia, ingia tu, mama anakufa. Basi akageuka. Akaelekeza uso upande wa kwetu, akainama, akaingia Ohinga kinyumenyume. Watoto wa shule wakacheka. Dani alinyooka upande wa ndani, akapangusa vumbi, akasema kwa Dholuo, lugha yetu, kwamba amekiinamia kiambo chake mwenyewe.

Nyar Karungu alikuwa amelala kwenye ngozi mlangoni mwa nyumba yake. Hakukuwa na chungu cha uji siku hiyo. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka magotini, inang'aa.

"Umekuja," akasema.

"Ulimpa mke wa mwanangu uji."

"Nilimpa."

"Ulimjua ni nani?"

"Nilimwona huyu mtoto." Akaninyooshea kidole. "Ana paji la mumeo. Nilijua."

Dani aliinua fimbo. "Ulijua! Ulijua ukampa! Mlimuua mume wangu, sasa unataka na huyu wa tumboni!"

"Nilikunywa mimi kwanza," Nyar Karungu akasema. "Kibuyu kile kile. Muulize mtoto. Tazama miguu yangu."

Fimbo ilibaki juu.

"Ruoth amekufa," akaendelea, na sauti yake haikuwa ya kuomba. "Askari wale wamekufa. Wazee ambao wangetuita tukae chini, wenu na wetu, wamekufa wote. Nani aliyebaki wa kuimaliza hii? Ni mimi na wewe. Tulikuja kuolewa upande huu msimu mmoja, tukichota maji mto mmoja. Ningekuja kwako ungefanya nini?"

"Ningekufungulia mbwa."

"Basi. Nikasema, huyu akinywa, ama utakuja kunipiga ama utakuja kula na mimi. Lakini utakuja."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia yule bibi kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, kwa sababu alikuwa amemweka mama yangu rehani bila kumuuliza. Mpaka leo sijui kama ninaweza kumsamehe hilo. Lakini niliona pia kwamba alijiweka na yeye mwenyewe.

Dani akashusha fimbo. Alikaa chini, ghafla, kama aliyekatwa miguu, pale pale kwenye vumbi la boma la Ruoth. Nilidhani amekata tamaa. Kumbe alikuwa akifikiri.

"Hapa sili," akasema mwishowe. "Nikila hapa nimekuja kuomba. Utakula kwangu, mbele ya yule uliyempa. Inuka."

"Siwezi kutembea."

Dani akageuka kumtafuta Marwa, ambaye alikuwa amesimama nyuma yetu na kundi zima la mwalimu. "Wewe. Leta baisikeli."

"Nyanya, hii baisikeli ni ya baraza. Na mimi niko kazi. Nikifukuzwa nitasema nini?"

"Sema ulibeba bibi ya Ruoth. Si ndiyo kazi yako, kuonyesha yeye kwa watu?"

Marwa alimtazama mwalimu, mwalimu akatazama pembeni. Basi kijana yule akavua kofia, akawaambia wageni wake kwamba leo Ruoth amefunga nyumba, wafike kesho. Tukampandisha Nyar Karungu kwenye kibebeo cha nyuma, miguu yake imening'inia upande mmoja, na Marwa akaanza kuiteremsha ile baiskeli kwenye kokoto, amekaza breki mpaka mishipa ya mikono ikamtoka.

Ilikuwa safari ndefu kuliko zote nilizowahi kwenda, na nimekwenda mbali. Kila tulipopata mwendo Dani alisimama, akaingia vichakani na kuchimba mizizi ya manyasi, ile dawa ya chira. Alichagua, akatupa, akachimba mwingine. Nilimzunguka nikilia. "Dani, fanya haraka. Dani, tafadhali."

Akaniangalia na udongo mikononi. "Wewe huna mzizi wa kuchimba. Kimbia, ukamwambie tuko njiani."

Nilikimbia. Jua lilikuwa limekaa juu ya utosi, sikuwa na hata kivuli cha kunifuata. Nilipofika kwenye ua wetu wa minyaa kifua kilikuwa kinawaka moto, nikasimama kupumua, na ndipo nikasikia sauti ambayo baadaye maishani niliisikia mara nyingi mno, lakini sikuwahi tena kuisikia vile. Ilikuwa nyembamba, yenye hasira. Ilikuwa ya mtoto mchanga.

Min Ouma alikuwa akicheka na kulia mlangoni. "Amegeuka mwenyewe! Nimeweka tu mkono, nikamsikia anageuka, na haikuchukua muda!"

Mama alikuwa amelala, rangi imemtoka, macho yako wazi. Nilimwangukia miguuni. Nikamwambia yote, kwamba nilimwambia Dani, kwamba Nyar Karungu anakuja juu ya baiskeli, kwamba Dani amechimba dawa. Alifumba macho kwa muda, nikadhani amenikasirikia. Alipoyafumbua alikuwa ni mama yule yule wa siku zote.

"Bado hawajafika?"

"Wako kwenye vichaka."

"Hawajala?"

"Bado."

"Jua liko wapi?"

"Juu kabisa."

"Basi huyu ni Achieng'," akasema. Kwetu hilo ni jina la msichana aliyezaliwa jua likiwa kali. "Kamwambie Min Ouma alitangaze sasa hivi, majirani walisikie. Sitaki mtu aje aniambie mwanangu alizaliwa kwa manyasi."

Walifika jua limeanza kuinama. Dani alisikia kilio cha mtoto tangu langoni, akaangusha mizizi yake yote. Sikuwa nimewahi kumwona akilia. Alilia kwa sauti, kama mtoto, fimbo ikiwa imeanguka, na Marwa amesimama ameshika baiskeli hajui aangalie wapi.

Nyar Karungu, juu ya kibebeo, aliwatazama wote. "Mtoto amefika," akasema. "Kama ni hivyo huna haja na mimi. Kijana, nirudishe."

Ni kweli, haja ilikuwa imekwisha. Dani angeweza kumwacha aende zake, na hakuna mtu angemlaumu. Alijipangusa uso kwa shuka, akainama akaokota mizizi mmoja mmoja.

"Umeshafika," akasema. "Shuka ule."

Walikula uani, sahani moja, ugali na samaki wa ngege, baada ya kunywa ile dawa chungu kutoka kikombe kimoja. Mama alijikokota mpaka mlangoni na Achieng' kifuani. Dawa aliikataa mbele yao wote wawili, akasema yeye ni Msabato. Lakini alinyoosha mkono akamega ugali kutoka sahani ile ile, kwa sababu, alisema, alikuwa na njaa. Baba alirudi jioni amepata mtumbwi na injini, akamkuta mke wa Ruoth amelala usingizi chini ya ghala letu na Mkuria anatia upepo gurudumu.

Ugomvi juu ya siku ile haukwisha mpaka wote wawili walipozikwa. Mama alisema mtoto aligeuka kabla ya mtu yeyote kula chochote, na jina lake ni shahidi. Dani alisema aligeuka wakati ule ule waliposhika njia, na kwa sababu hiyo hakumwita Achieng' hata siku moja. Alimwita Ayoo, aliyezaliwa njiani. Mama alimkumbusha kwamba mtoto alizaliwa kitandani. "Sisi ndio tulikuwa njiani," Dani alijibu. Dada yangu ana majina yote mawili, na akiulizwa lipi ni la kweli huitika kwa yoyote.

Miguu ya Nyar Karungu haikupona. Alikufa kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata, na kwa ninavyojua sasa ulikuwa ni moyo, ambao ulikuwa umeanza kuchoka muda mrefu kabla ya uji ule. Najua pia kwamba mtoto aliyekingama wakati mwingine hugeuka mwenyewe. Nimeliona likitokea, na nimeona lisipotokea. Kwa hiyo nikiulizwa kama onyo la Dani lilitimia, hujibu kwamba mama alivimba miguu na mtoto alikingama kama alivyosema. Kwa nini, siwezi kusema. Naona tu kwamba mwiko ule uliowatenga wale wanawake wawili ndio pekee uliokuwa na nguvu ya kuwakutanisha. Mahubiri ya mama yasingemtoa Dani juani. Kibao cha baraza kilimkaribisha kila mwananchi, lakini yeye hakukisoma.

Alasiri ya kesho yake, baada ya siku ile Achieng' alipozaliwa, nilitoka kumtafuta Dani mahali pake upande wa Ziwa, sikumkuta. Nilishtuka, kwa kuwa mwili wangu ulikuwa bado haujazoea kukaa bila hofu. Nilizunguka nyumba mbio. Alikuwa upande wa pili, ameketi kwenye kigoda chake kivulini, ungo wa maharagwe mapajani, uso umeelekea kilima na kuta zake zote.

"Dani," nikamuuliza, "leo jua limekushinda?"

Hakuniangalia. Alikuwa akiangalia kule juu, kwa macho yaliyofunguka kabisa, bila kukunja uso.

"Nimechoka kufumba macho," akasema, akasogea kidogo ili nami nipate mahali pa kukaa.